Kichwa cha Treni Hupimwa Mlimani

Goma haina reli, lakini mkazi wa Majengo anaijua moteri ya mazutu. Anaisikia kwenye jenereta umeme ukikatika, na kwenye lori lenye shehena. Kichwa cha treni cha dizeli kinatumia moteri ya namna hiyohiyo, ila kubwa zaidi.

Moteri hii haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni huibana hewa hadi ikapata joto kali, kisha mazutu yanayopulizwa ndani huwaka yenyewe. Rudolf Diesel alifanikisha mtambo huo mjini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897. Kwa kuwa hewa ndiyo tegemeo lake, mwinuko huipunguzia moteri nguvu. Hapa kwetu, kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa imepungua uzito kwa karibu sehemu moja kwa saba ukilinganisha na pwani. Turbo husaidia kuisukuma hewa zaidi ndani, lakini mlimani, mzigo ukiwa mzito, joto hupanda na vyuma huchakaa upesi.

Reli ya TAZARA, kati ya Dar es Salaam, Tanzania, na Kapiri Mposhi, Zambia, inatupa funzo kubwa. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, ina urefu wa kilomita 1,860, na karibu na Mbeya inafikia mita 1,789. Vichwa vyake vya kwanza, aina ya DFH kutoka China, vilipeleka nguvu kwenye magurudumu kwa njia ya haidroliki. Kwenye mpando wa Mlimba hadi Makambako vilishindwa kuvuta mizigo iliyotarajiwa. Katika miaka ya 1980 baadhi vilifungwa injini mpya za MTU za Ujerumani. Vilevile vililetwa vichwa vya U30C, muundo wa General Electric uliotengenezwa na Krupp, ambapo injini huzungusha jenereta na umeme wake huendesha mota za umeme kwenye ekseli.

Kenya nayo ilinunua vichwa vya General Electric mwishoni mwa miaka ya 1970: daraja la 93, vyenye nguvu farasi 2,600. Injini yao ni ya familia ya FDL, iliyotokana na muundo wa kampuni ya Marekani ya Cooper-Bessemer. Mwaka 2014 kampuni ya Rift Valley Railways ilipoleta vichwa vilivyotumika Marekani na kukarabatiwa, aina ya B23-7, navyo vilikuwa na injini ya familia hiyohiyo. Hiyo ni faida kubwa: fundi hakuti mtambo mgeni, na ghala la vipuri halianzi upya.

Kwa hiyo uimara hautokani na jina la kiwanda peke yake. Injini bora huuawa na vumbi lililopita kwenye kichujio kilichochoka, oili iliyopitiliza muda, maji ya kupozea yanayovujia kwenye oili, na mazutu machafu.

Kongo ina reli ya SNCC inayofika Kalemie, kwenye Ziwa Tanganyika, nayo inahitaji vichwa vinavyodumu. Siku viongozi watakapotangaza ununuzi mpya, tusiishie kupiga makofi. Tuulize: vimepimwa kwa milima na mwinuko wetu? Vipuri vitatoka wapi? Na mafundi wetu wamefundishwa kabla havijafika?