Mgeni Aliyekwisha Kuwa Jirani: Afya ya Wakaazi wa Kigeni katika Vijiji vya Unguja

Wahenga wetu walimpa mgeni siku mbili za kukirimiwa, na ya tatu wakaagiza apewe jembe. Usemi huu huchukuliwa kuwa ni kinga ya mwenyeji asichoshwe na ugeni usiokwisha, lakini una upande wa pili ambao sisi wa fani ya tiba hatujauzingatia vya kutosha. Aliyepewa jembe ameingizwa katika hesabu ya kaya. Hujulikana alipolala na anachokula, na akikosekana shambani asubuhi, mtu huenda kumwangalia. Katika vijiji vya kaskazini na mashariki ya Unguja, kuanzia Nungwi, Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje, Jambiani na Makunduchi, wanaishi leo watu wengi waliotoka ng'ambo ambao siku yao ya tatu ilipita miaka mingi iliyopita, na jembe hawajapewa.

Siwazungumzii watalii wa wiki moja. Nawazungumzia mwalimu wa kaiti anayefuata upepo wa kusi na kaskazi huko Paje, mstaafu aliyekodi nyumba Jambiani ili amalizie umri wake mbele ya bahari, mwanamke aliyeolewa kijijini na sasa ana watoto wanaosoma skuli ya hapo hapo, na kijana anayefanya kazi ya kampuni ya Ulaya kwa kompyuta akiwa barazani Bwejuu. Wapo pia waliokuja na wakakwama. Vita vilipozuka Ukraine mwezi Februari 2022, mamia ya raia wa nchi ile waliokuwa mapumzikoni Zanzibar walijikuta hawana pa kurudi. Aidha, si kila mgeni ni Mzungu: wamo Wakenya wa mahotelini na Wachina wa miradi ya ujenzi. Na kwa lugha ya mitaani ya Unguja, hata fundi aliyetoka Morogoro huitwa mgeni.

Watu hawa si wageni tena, wala hawajawa wenyeji. Mfumo wa afya huwahesabu kuwa watalii watakaoondoka kesho, na wao wenyewe hujihesabu hivyo hivyo wanapoumwa, hata kama wamekaa miaka minane.

Hodi isiyobishwa

Afya ya kijiji cha Unguja hulindwa kwa ujirani kabla ya kulindwa kwa dawa. Sheha anawajua watu wa shehia yake. Mjitoleaji wa afya ya jamii hupita nyumba kwa nyumba, hubisha hodi, huuliza habari za mjamzito na mtoto mchanga, na huingiza majibu katika simu aliyopewa kwa kazi hiyo. Mpango wa Jamii ni Afya, unaoendeshwa na Serikali ya Mapinduzi, una wajitoleaji zaidi ya 2,000 katika visiwa vyetu, na ni katika mambo ambayo Zanzibar ina haki ya kujivunia. Mfano wa karibu ni Thailand, yenye wajitoleaji wa vijijini wanaofikia milioni moja, na ambako pia wapo Wazungu wengi waliooa na kuhamia mashambani.

Hata hivyo, niwaulizapo wajitoleaji kuhusu nyumba yenye ukuta mrefu, geti la chuma na mlinzi, jibu ni moja: pale wanakaa wageni. Mlinzi husema bosi hayupo, au amelala. Mjitoleaji naye huona haya ya lugha, akapita. Hivyo, kwenye njia ile ile, mama wa mwani aliye mjamzito wa miezi mitano ameshatembelewa mara tatu, na jirani yake aliye nyuma ya geti, mwenye mimba ya umri huo huo, hajaulizwa hata presha yake.

Sheha angeweza kusaidia, kwa kuwa ndiye mwenye kujua nani amehamia wapi. Lakini wageni wengi humjua sheha kwa shughuli ya kibali au kesi ya mpaka wa kiwanja, wala hawadhani kwamba mtu huyo ana uhusiano wowote na chanjo ya mtoto wao. Mgeni anayesoma makala haya aanze hapo: aende kwa sheha, ajitambulishe kwa jina, na aulize ni nani mjitoleaji wa eneo lake.

Homa ya mtu asiyekuwa na faili

Pahala ambapo pengo hili hutudhuru sote ni malaria. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 malaria ilikuwa ndiyo mzigo mkubwa wa wodi zetu. Dawa mseto zilianza kutumika mwaka 2003, vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumba vikafuata, na maambukizo katika jamii yakashuka hadi chini ya asilimia 1. Kazi iliyobaki ni ya kumfukuzia mgonjwa mmoja mmoja. Kila anayethibitika hutolewa taarifa kwa simu, na afisa wa wilaya humfuata hadi nyumbani kwake kuwapima anaokaa nao. Mfumo huu hutegemea mambo mawili tu, yaani mgonjwa apimwe kwenye kituo kinachotoa taarifa, na nyumba yake ijulikane.

Mkaazi wa kigeni huvunja yote mawili bila ya kukusudia. Huvuka kwenda Dar es Salaam au mbugani Bara, hurejea, na baada ya siku kumi hupata homa. Kwa kuwa amesikia kwamba Zanzibar haina malaria, husema ni jua. Humpigia simu daktari wake wa Ulaya, ambaye humwambia ajipumzishe. Siku ya tatu hununua dawa katika duka la dawa bila ya kupima, akapata nafuu au asipate. Na jioni zote hizo alikuwa ameketi nje, miongoni mwa mbu ambao siku hizi huuma zaidi nje ya nyumba kuliko ndani.

Kanuni ni nyepesi. Homa yoyote inayompata mtu ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka Bara, au pahala pengine penye malaria, ipimwe siku hiyo hiyo kwa kipimo cha haraka, ambacho majibu yake hupatikana kwa muda wa chini ya nusu saa katika kituo cha afya cha kijiji. Asiyekulia penye malaria hana kinga ya mwili, na hali yake yaweza kugeuka kuwa ya hatari kwa saa chache. Kipimo kikisema hapana na homa ikaendelea, kirejewe, na ifikiriwe dengi. Mpaka dengi iondolewe, mgonjwa asitumie aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu huongeza uwezekano wa kutoka damu. Parasetamoli yatosha.

"Nina baridi"

Wahudumu wenzangu, tuzungumze kidogo kuhusu lugha. Wakaazi wengi wa kigeni wamejifunza Kiswahili, na ni jambo la kupongezwa. Ila Kiswahili chao kimejengwa juu ya lugha zao, na hapo ndipo tunapotegwa.

Mama wa Kizungu huja kituoni, muuguzi humuuliza, "Haya, mama, unasikiaje?" Naye hujibu, "Nina baridi tangu jana." Kwa Mswahili, anayesikia baridi anatetemeka, muuguzi humwandikia kipimo cha malaria. Lakini kwa Kiingereza na lugha kadhaa za Ulaya, neno lile lile la baridi ndilo la mafua. Mama alikuwa akilalamikia pua. Hapo hapana madhara. Madhara hutokea pale mwenye kutetemeka kweli anapodhaniwa ana mafua, eti kwa sababu "hawa wageni husema hivyo". Tusibahatishe. Tuulize, "Unatetemeka? Au pua inachuruzika?" na tuoneshe kwa mkono.

Saa nazo ni mtego mkubwa zaidi. Sisi tukisema saa mbili usiku tunakusudia saa mbili baada ya jua kuchwa. Mgeni hutazama simu yake, akaiweka imwamshe wakati inapoandika 2:00, yaani usiku wa manane. Mtu wa namna hiyo aweza kumeza vidonge vyake vya presha kwa nyakati zilizopishana saa sita na tulizomkusudia, na akaja kliniki saa tisa alasiri kwa miadi ya saa tatu asubuhi, akakuta mlango umefungwa. Aidha, ile alama yetu ya 1×3 juu ya bahasha ya dawa, ambayo kwetu ni kidonge kimoja kutwa mara tatu, nimepata kuisikia ikisomwa kuwa ni vidonge vitatu kwa mara moja. Andikeni saa kwa tarakimu za saa ishirini na nne, 08:00 na 20:00, na mkiweza ongezeni alama inayoeleweka na kila mtu kijijini: baada ya chai ya asubuhi, baada ya adhana ya Isha.

Kisha kuna mkalimani. Mara nyingi ni mlinzi, mpishi, kijana wa kutembeza watalii au mtoto wa mwenye nyumba. Ni watu wema, lakini mwanamke anayetokwa na damu, au mwanamme anayetaka kupimwa virusi vya Ukimwi, hawezi kusema kweli kupitia mdomo wa mtu atakayekunywa naye kahawa barazani jioni. Pawepo na njia ya kumtoa mkalimani huyo kwa adabu. Mwambieni tu, "Ahsante, baba, tusubiri hapo nje kidogo," kisha mtafute kwa simu mwenzenu wa hospitali ya wilaya anayeijua lugha. Siri ya mgonjwa ni haki yake, awe na pasipoti ya nchi gani.

Vidonge, umeme na mtungi

Wastaafu huja na vidonge vya miezi sita ndani ya begi. Vikimalizika, hutafuta dukani jina la kibiashara ambalo halijapata kufika Afrika Mashariki, wakaambiwa hakuna, wakaacha kutumia. Shauri langu ni moja: kabla ya kuondoka kwenu, mwambie daktari akuandikie jina la kitaalamu la dawa na kipimo chake, si jina la kampuni. Dawa nyingi za presha na kisukari zinapatikana Mjini, na baadhi katika hospitali za Kivunge na Makunduchi.

Wenye kutumia insulini wana tatizo jingine. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na wakaazi wa zamani wanaikumbuka miezi mitatu ya giza, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya uliolazwa baada ya hapo umeleta nafuu, lakini kukatika kwa saa kadhaa bado ni jambo la kawaida vijijini. Chupa ya insulini inayotumika huvumilia takriban wiki nne endapo joto halizidi nyuzi 30, na wakati wa kaskazi nyuzi hizo huzidi. Hapa wenyeji wana la kumfundisha mgeni. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, mchanga ulioloweshwa katikati, kitambaa kibichi juu, na chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji: ni baridi ile ile ya mtungi wa maji ya kunywa, wala haitegemei umeme.

Juu ya pikipiki sina mengi. Vaeni helmeti, hata kama mnakwenda dukani.

Mbwa nao ni chanzo cha mivutano mingi kati ya mgeni na jirani yake, ambaye hulazimika kuosha mwili, au nguo, kwa sababu ya mate ya mnyama asiyefungwa. Mbwa afungwe, na achanjwe kila mwaka. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonesha dalili hakina tiba.

Masika

Kuna maradhi ambayo hayaonekani kwenye darubini. Mwezi wa Aprili mvua za masika hunyesha, mahoteli mengi hufungwa, marafiki wa msimu huondoka, na yule aliyebaki husikia mvua juu ya makuti usiku kucha. Hapo pombe huongezeka na usingizi hupungua. Anapokuja kwetu hulalamika kwamba amechoka, nasi humpima damu na kumwambia hana kitu.

Sisi Wazanzibari tungepaswa kuuelewa upweke huu. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliihama Unguja mwaka 1866, akaolewa na mfanyabiashara wa Hamburg, na mumewe akafariki mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akaachwa na watoto wachanga katika nchi ya baridi ambayo lugha yake alikuwa bado anajifunza. Mgonjwa aliyechoka aulizwe anakula na nani, na lini mara ya mwisho alicheka. Akisema hataki kuishi, asirejeshwe nyumbani peke yake. Hospitali ya Kidongo Chekundu ipo kwa ajili yake kama ilivyo kwa mwenyeji.

Karatasi ndani ya pochi

Bima ya lazima ya wageni iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024, kwa malipo ya dola 44, ilikusudiwa mtu wa ziara isiyozidi siku 92. Mkaazi wa miaka asiitegemee. Akate bima inayolipa gharama za kusafirishwa, kwa kuwa kutoka Paje hadi Mnazi Mmoja ni takriban kilomita 50, na baadhi ya maradhi hulazimu kuvuka hadi Dar es Salaam.

Tena kuna suala ambalo watu hulikimbia. Kijiji chetu humzika maiti wake siku hiyo hiyo. Mgeni anapofariki nyuma ya geti lake, jirani hawajui dini yake, jamaa zake wala ubalozi wake, na maiti husubiri. Kwa hiyo kila mkaazi wa kigeni awe na karatasi moja ndani ya pochi na nakala yake kwenye kituo cha afya cha kijiji: jina, kundi la damu, maradhi na dawa anazotumia, namba ya bima, na majina ya watu wawili wa kupigiwa simu. Mmoja awe wa kwao. Wa pili awe mtu wa hapo hapo kijijini, anayeweza kufika kwa miguu.