Chakula cha kupeleka kwa jirani: Pika rahisi, kifike salama

Katika mitaa yetu mingi, sahani iliyofunikwa ikitoka nyumba moja kwenda nyingine si jambo la kushangaza. Mwezi wa Ramadhani sahani hupishana njiani kabla ya adhana ya magharibi. Sikukuu za Idd, Krismasi na Pasaka hubebwa na watoto waliovaa nguo mpya. Hata siku za kawaida, mama akipika kitu kizuri humkumbuka jirani, shoga yake au mama mkwe. Na kwa desturi, sahani hiyo hairudi tupu.

Ni desturi inayostahili kulindwa. Mtoto anayetumwa kupeleka chakula anajifunza kutoa, kusalimia na kujua nani anaishi wapi. Lakini kwa upande wa afya, chakula cha kupeleka kina tofauti moja kubwa na chakula cha mezani kwako. Cha mezani unakiona: unajua kimeiva saa ngapi, nani amekula na kimebaki kiasi gani. Kikishatoka mlangoni, hujui kitaliwa muda huo huo au usiku wa manane, wala hujui kama mtoto wa miezi minane atalishwa.

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuamua unapika nini, jiulize maswali mawili: chakula hiki kitasubiri muda gani, na nani atakila?

Hesabu muda tangu kinapoepuliwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) lina kanuni tano za usalama wa chakula: kudumisha usafi, kutenganisha vyakula vibichi na vilivyopikwa, kupika hadi kiive kabisa, kuhifadhi kwenye joto linalofaa, na kutumia maji na malighafi salama. Katika chakula cha kugawana, kanuni inayosahaulika zaidi ni ile ya nne.

Shirika hilo linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2. Kikisubiri kuliwa kiwe cha moto, zaidi ya nyuzi joto 60, au kiwekwe kwenye friji chini ya nyuzi joto 5. Katikati ya hapo, bakteria huongezeka haraka. Mchana wa joto kali, kama Dar es Salaam au Tanga wakati wa kaskazi, ni busara kuufupisha zaidi muda huo.

Chukua mfano wa futari. Chakula kikiepuliwa saa 10 alasiri na kuliwa saa 12:30 jioni, tayari kimepita saa 2. Kilichobaki kikifunikwa mezani hadi daku ya saa 10 usiku, kimeongeza saa nyingine tisa na nusu. Mara nyingi hakitanuka wala kubadilika ladha, na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu vijidudu vingi vinavyoumiza tumbo havina harufu.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu wa pekee. Mchele huweza kuwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa upoe taratibu kwenye sufuria kubwa, mbegu hizo huamka na bakteria wanaweza kutengeneza sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiondoki kwa kupasha moto. Ndiyo maana wali uliolala mezani usiku kucha hauwi salama kwa kukaangwa asubuhi.

Hotpoti inasaidia, ilimradi itumiwe vizuri. Mimina maji yanayochemka ndani yake, funika dakika chache, mwaga, kisha weka chakula kikiwa kinatoka jikoni. Hotpoti hutunza joto iliyopewa, haipashi chakula. Ukiweka pilau la uvuguvugu utakuwa umewaandalia bakteria mazingira wanayoyapenda.

Vyakula vitano, kwa mpangilio wa kusubiri

Vyakula vifuatavyo ni rahisi na viungo vyake vinapatikana sokoni. Vimepangwa kuanzia kinachoweza kusubiri zaidi hadi kinachotakiwa kuliwa mara moja.

Visheti. Hivi ndivyo vya kumpelekea ndugu anayeishi mbali, kwa sababu vitu vikavu havichachi haraka. Changanya unga wa ngano vikombe 2, samli vijiko 2 vya kula na hiliki kidogo. Kanda kwa maziwa kiasi cha nusu kikombe mpaka donge liwe gumu kiasi. Kata vipande vidogo na ukaange kwenye mafuta kwa moto wa wastani ili ndani navyo viive. Shira ni kikombe 1 cha sukari na nusu kikombe cha maji, ichemke mpaka inate, kisha vigeuze ndani yake hadi sukari ikaukie. Viache vipoe kabisa ndipo uvifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa. Ni vitamu sana, kwa hiyo peleka kikombe kimoja, si bakuli.

Mkate wa kumimina. Loweka mchele vikombe 2 usiku kucha, chuja, kisha saga kwenye blenda pamoja na tui zito kikombe 1 hadi kimoja na nusu, hiliki na kijiko kimoja cha chai cha hamira. Uji uwe mzito na laini. Ukishaumuka, tia sukari na ute wa yai moja, koroga, mimina kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupashwa moto. Pika kwa moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko, au tumia oveni yenye nyuzi joto 180 kwa dakika 35 hadi 45. Chomeka kijiti katikati: kikitoka kikavu, umeiva. Kwa kuwa una nazi, uliwe siku hiyo hiyo au uwekwe kwenye friji.

Hapa pia ndipo pa kupunguza sukari bila mtu kulalamika. Wapishi wengi hutia kikombe kizima, ambacho ni takriban gramu 200. Mkate ukikatwa vipande 8, kila kipande kina gramu 25, sawa na vijiko sita vya chai. WHO inapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 50, na inasema kushuka hadi asilimia 5, yaani kama gramu 25, kuna faida zaidi. Kwa hiyo kipande kimoja kinamaliza kiwango hicho cha chini, kabla ya chai wala soda. Tia nusu kikombe, ongeza hiliki, na tui lenyewe litasaidia ladha.

Kunde za nazi. Hiki ni chakula cha bei nafuu chenye protini na madini ya chuma, na kinamfaa mkubwa na mdogo. Loweka kunde nusu kilo usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha kwa maji mapya hadi ziive kabisa. Tia kitunguu, nyanya, karoti na tui jepesi, acha vichemke, kisha malizia na tui zito huku ukikoroga ili lisikatike. Kila mpishi wa pwani anajua kuwa chakula cha nazi huchacha haraka. Njia nzuri ni kuchemsha kunde mapema, kuziweka kwenye friji bila nazi, na kutia tui dakika za mwisho. Zichemke tena vizuri, ndipo mtoto atumwe.

Ukitumia maharage mekundu badala ya kunde, usiyaache nusu mbichi. Yana sumu ya asili inayoumiza tumbo, nayo huharibika yakichemka kwa nguvu dakika 10 au zaidi. Kuyaweka kwenye moto mdogo usiochemka hakutoshi.

Ndizi mbivu za nazi. Menya ndizi mzuzu 4 au 5 zilizoiva hadi ganda kuwa na madoa meusi. Zikate, zipange kwenye sufuria, mimina tui vikombe 2, tia hiliki na chembe ya chumvi. Pika kwa moto mdogo dakika 15 hadi 20. Ndizi zikiwa zimeiva sawasawa, sukari haihitajiki. Zipelekwe zikiwa za moto.

Matunda ya kukatwa. Papai, embe, nanasi, ndizi na juisi ya chungwa ni kitindamlo kisichohitaji sukari wala jiko. Osha matunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuyamenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Tumia ubao na kisu ambavyo havijakata nyama mbichi. Kamulia limao ili ndizi zisiwe nyeusi. Matunda yakatwe mwisho kabisa, na kama safari ni ndefu, peleka matunda mazima wakakate wenyewe.

Nani atakula?

Ukijua nyumba unayopeleka ina nani, utapika tofauti. Mambo machache ni ya kukumbuka.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hapewi asali, hata ya kulamba, wala kitu kilichotiwa asali. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo lake changa haliwezi kuzidhibiti, na zikamletea ugonjwa wa kupooza misuli. Tunapotumia asali badala ya sukari tukidhani tumeboresha, tumweleze mwenye mtoto mchanga.

Kwa watoto wa chini ya miaka 5, karanga nzima, kashata ngumu na bisi zinaweza kukwama kooni. Zisagwe au wasipewe. Karanga pia huwaletea baadhi ya watu mzio mkali, hivyo kama mchuzi au kitafunwa kina karanga, mtoto anayetumwa aambiwe aseme.

Karanga zenyewe zichaguliwe kabla ya kupikwa. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe, kwa kuwa zinaweza kuwa na sumukuvu, ambayo moto wa jikoni hauimalizi na ambayo huharibu ini. Hili si la kudharau. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 watu walifariki kwa sumu hiyo katika mikoa ya Dodoma na Manyara.

Bibi au babu mwenye kisukari asitengwe kwa kunyimwa sahani. Mpelekee kunde, mboga na kipande kidogo cha kitu kitamu. Kwa mwenye shinikizo la damu, punguza chumvi na viungo vya pakiti, ambavyo vingi vina chumvi tayari. Kiwango cha WHO kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini ya kijiko kimoja cha chai kwa milo yote.

Ukipokea sahani

Anayepokea naye ana wajibu. Uliza kimepikwa saa ngapi. Si utovu wa adabu, hasa kwa shoga mnayezoeana. Kama hamli muda huo, gawa chakula kwenye vyombo vidogo visivyo na kina ili kipoe haraka, kisha weka kwenye friji. Wali uliohifadhiwa hivyo uliwe ndani ya siku moja, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke kotekote.

Asiye na friji ale kwanza cha jirani, na chake apike kidogo. Wakati wa Ramadhani, majirani wanaweza kukubaliana kupeana zamu: leo nyumba hii inapeleka, kesho ile. Chakula kinatosha na hakilali.

Tumbo likisumbua

Mtoto akianza kuharisha au kutapika, usimwache akaukiwe maji. Mpe ORS iliyochanganywa kama pakiti inavyoelekeza, kidogo kidogo na mara kwa mara. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, na anayekula aendelee kula. Mtoto anayeharisha hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hivyo mhudumu wa afya akupe kipimo cha umri wake.

Mpeleke kituo cha afya haraka ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia, anatapika kila anachopewa, anashindwa kunywa au amelegea kupita kawaida. Kisha mjulishe aliyewaletea chakula, kwa lugha ya upole. Huenda nyumba nyingine tatu zimepokea kutoka sufuria hiyo hiyo na bado hazijala.

Sahani inayofuata, mwambie mtoto afikishe maneno mawili pamoja na salamu: mama amesema kimeiva sasa hivi, na msikilaze.