Chembe Sahani Zinaposhuka Baada ya Kubadilishiwa Vali ya Moyo

Siku ya pili baada ya upasuaji, majibu ya maabara huwashtua ndugu wengi. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zilikuwa 240,000 kwa mikrolita. Leo ni 120,000, chini ya kiwango cha kawaida cha 150,000 hadi 450,000. Je, mgonjwa anavuja damu ndani? Mara nyingi sivyo.

Ili vali ibadilishwe, moyo husimamishwa na kazi yake hushikwa na mashine ya moyo na mapafu. Damu huzunguka kwenye mipira ya plastiki na kuchanganyika na maji ya mashine. Chembe sahani zikigusa plastiki hiyo huamka kana kwamba zimekuta jeraha, zikanata na kwisha bure. Kupungua kwa theluthi moja hadi nusu kunatarajiwa. Hesabu hufika chini kabisa siku ya pili hadi ya nne, kisha hupanda, na baada ya wiki moja hivi huwa imekaribia ilikotoka.

Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ni siku ya ngapi. Kinachonitia hofu ni hesabu iliyokwisha kupanda kisha ikaporomoka tena kati ya siku ya tano na ya kumi. Huenda ni maambukizi, au dawa fulani. Lakini wa kwanza kushukiwa ni heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo kila aliyepita kwenye mashine ile amepewa. Kwa wagonjwa wachache mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya heparini iliyoshikamana na protini ya chembe sahani. Chembe huchochewa, hupungua, na papo hapo damu huganda: mguuni, mapafuni, kwenye ubongo, hata juu ya vali mpya.

Hapo heparini yote husimamishwa, hata ile kidogo ya kusafishia mpira wa dripu, na mgonjwa hupewa dawa nyingine kama agatrobani au bivalirudini. Kama havuji damu, kwa kawaida haongezewi chembe sahani. Warfarini, dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, nayo husubiri hadi hesabu ifike karibu 150,000, kwani ikianzishwa mapema inaweza kuozesha ngozi au kiungo. Kwetu hili ni zito: vijana wengi ambao vali zao ziliharibiwa na homa ya rumatiki huwekewa vali za chuma, na warfarini wataimeza maisha yao yote.

Mgonjwa huweza kuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani tatizo linapojitokeza. Mguu mmoja ukivimba, pumzi ikikata ghafla, kifua kikiuma au mdomo ukipinda, arudi hospitali saa hiyo hiyo akiwa na majibu yake yote, hasa ya kabla ya upasuaji. Ikithibitika ni heparini, iandikwe wazi kwenye kadi yake. Kingamwili hizo kwa kawaida hutoweka ndani ya siku 100 hivi, na upasuaji mwingine wa moyo unaoweza kungoja, ungoje hadi vipimo vionyeshe zimekwisha.