Je, Wajua? Tuzo, Runinga na Ua la Usambara

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja? Si kwamba vilikuwa vichache, havikuwepo kabisa! Mwaka huo ndipo ITV na wenzake walipoanza kuonekana Dar es Salaam. Wazanzibari wao walikuwa wameshakaa mbele ya runinga tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena runinga ya rangi, ya kwanza kusini mwa Sahara. Miaka 20 hivi walitutangulia, mgosi wangu, na sisi huku milimani tunasikiliza redio tumejifunika blanketi.

Tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ikazimiwa mitambo ya analojia, ya kwanza kabisa Afrika Mashariki. Asiyekuwa na king'amuzi aliupokea mwaka mpya na chenga tupu! Sisi wa Lushoto hatukushtuka sana. Mlima ukishasimama kati ya antena yako na mnara, chenga unazijua tangu utotoni. Ndiyo maana ukipanda kutoka Mombo leo unakuta kibanda cha udongo kina dishi kubwa kuliko mlango wake.

Haya, sogea, tuingie kwenye tuzo.

Wajua kwamba “Hakuna Matata” iliwahi kuwania Oscar? Ilikuwa 1995, kipengele cha wimbo bora wa filamu. Nyimbo 5 ziliteuliwa, na 3 kati ya hizo zilitoka filamu moja, The Lion King. Hakuna Matata ikashindwa na nani? Na ndugu yake wa tumbo moja, wimbo mwingine wa The Lion King! Kiswahili kikarudi mikono mitupu.

Lakini usisikitike. Mwaka 2011 sala ya Baba Yetu, ikiimbwa kwa Kiswahili safi, ilishinda Grammy. Mtunzi wa muziki wake ni Mmarekani, Christopher Tin, na hakuutunga kwa ajili ya kanisa wala filamu. Aliutunga kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, Civilization IV! Ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya Grammy kwa muziki wa mchezo wa video kushinda, na lugha iliyofungua mlango huo ndiyo hii unayoisoma.

Umewahi kujiuliza Lupita Nyong'o alipata zawadi gani alipotimiza miaka 31? Alizaliwa tarehe 1 Machi 1983. Sherehe ya Oscar ya 2014 ikaangukia tarehe 2 Machi. Siku moja baada ya siku yake ya kuzaliwa, Oscar hiyo hapo mkononi! Na 12 Years a Slave ilikuwa filamu ndefu ya kwanza aliyoigiza, ya kwanza kabisa. Wakati Los Angeles wanaanza sherehe jioni, Lushoto ilikuwa saa kumi na nusu alfajiri ya tarehe 3. Ukitaka kushangilia Oscar moja kwa moja huku kwetu, andaa sweta mbili na chai ya tangawizi. Au subiri taarifa ya habari kama watu wenye akili.

Bado yuko huyo huyo Lupita. Mwaka uliofuata alikwenda Oscar na gauni la lulu 6,000. Hesabu tena: elfu sita! Gauni lenyewe lilitajwa kuwa na thamani ya dola 150,000. Siku chache baadaye likaibwa hotelini, polisi wakahangaika, kisha likakutwa limetupwa ndani ya mfuko wa takataka, chooni, kwenye hoteli ile ile. Mwizi alidai amelirudisha kwa sababu lulu ni feki. Yaani mwizi amekasirika kwamba ameibiwa!

Wajua kwamba Serengeti ilichukua Oscar kabla Tanganyika haijapata Uhuru? Filamu ya Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, Serengeti Shall Not Die, ilitunukiwa Oscar ya filamu bora ya hali halisi mwaka 1960. Michael hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki Januari 1959, ndege yao ndogo ilipoanguka wakati kazi ikiendelea. Kisha 1962 ikaja filamu ya John Wayne iliyopigwa hapa hapa Tanganyika, nayo ikateuliwa kuwania Oscar ya upigaji picha. Jina lake? Hatari! Ndivyo ilivyoitwa, Marekani nzima ikasoma Kiswahili kwenye mabango ya sinema.

Filamu ya kwanza Tanzania kuiwasilisha yenyewe kwenye Oscar ni Maangamizi, mwaka 2001. Ya pili, Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ilisubiri miaka 20 na ushee. Tusiseme sana.

Sasa shika kikombe vizuri, maana hii ya MTV inahitaji moyo. Mwaka 2015, mjini Milan, Diamond Platnumz alishinda tuzo ya MTV EMA ya msanii bora wa Afrika, halafu akashindanishwa na mshindi wa India. Unajua mshindi wa India alikuwa nani? Priyanka Chopra! India ina watu zaidi ya bilioni moja, na kura ni za mashabiki. Kijana wa Tandale akambwaga.

Unadhani hapo ndipo maajabu yalipoishia? Mwaka uliofuata, Rotterdam, akatangazwa Wizkid wa Nigeria kuwa msanii bora wa Afrika. Nigeria wakashangilia, Timu Kiba wakanuna. Kisha MTV wenyewe wakageuza matokeo: mshindi ni Alikiba! Kumbuka miaka ile Timu Kiba na Timu Mondi ya Diamond walikuwa hawakai benchi moja. Miaka miwili mfululizo tuzo ile ile ikaja Tanzania, moja kwa kila timu. Kama kuna mtu aliipanga, alikuwa na busara ya mzee wa baraza.

Na 2021 Rayvanny akapanda jukwaa la EMA kule Budapest pamoja na Maluma wa Colombia, msanii wa kwanza wa Afrika Mashariki kutumbuiza pale. Ni huyo huyo wa Mbeya aliyekuwa ameshabeba tuzo ya BET mwaka 2017.

Nyumbani je? Usiku mmoja wa mwaka 2014 Diamond aliondoka kwenye tuzo za muziki za Kili na tuzo 7. Saba! Baada ya mwaka 2015 tuzo zenyewe zikalala usingizi, hazikuamka hadi 2022, chini ya Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA.

Swali la haraka: Tanzania ilishinda shindano la kuimba la Tusker Project Fame mara ngapi? Usijisumbue kuhesabu. Misimu 6: Kenya mara 2, Uganda mara 2, Rwanda mara 1, Burundi mara 1. Sisi tulipiga makofi.

Ila kwenye jumba la Big Brother Africa, mtuheshimu. Richard Bezuidenhout alitoka na dola 100,000 mwaka 2007. Mwaka 2014 Idris Sultan akatoka na dola 300,000. Kukaa ndani ya nyumba, kula, kulala, kubishana, kisha unalipwa! Kuna watu mtaani kwetu wana kipaji hicho na hakuna aliyewahi kuwalipa hata senti.

Wajua kwamba Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe 2007 akiwa na kipara? Pembeni warembo wenye nywele hadi kiunoni, yeye kichwa kinang'aa. Akaingia 10 bora ya dunia.

Hii sasa ni ya mama zetu. Mwaka 2011 TBC ilianza kuonyesha tamthilia ya Kichina ya binti Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili. Umbea wa Beijing ukaeleweka vizuri kabisa hadi huku. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping akaja Dar es Salaam, akasimama kuhutubia, na katikati ya mambo mazito ya nchi mbili akamtaja Doudou! Mama wakwe wa kwenye runinga wakafika hadi kwenye hotuba ya rais.

Umeshaona Usambara hatumo kwenye orodha hii, eti? Ngoja. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alichukua huku Usambara kaua kadogo ka zambarau kanakoota kwenye miamba yenye kivuli. Akakapeleka kwao Ujerumani. Mwaka 1893 ua hilo likapelekwa kwenye maonyesho ya kimataifa ya maua mjini Ghent, Ubelgiji, na likatajwa kuwa moja ya mimea miwili ya kuvutia zaidi kwa wataalamu katika maonyesho yote. Mbili bora, mara ya kwanza kupanda jukwaani! Na halijashuka tangu hapo. Wamarekani wameliundia chama tangu 1946, na kila mwaka wanalifanyia mashindano yenye majaji, riboni na vikombe. Majaji hao wanatoa alama nyingi zaidi kwa mpangilio wa majani kuliko rangi ya ua lenyewe. Huku Usambara mbuzi wanalipita bila hata kuyapa majani hayo alama moja.

Turudi Oscar kidogo kabla hatujaachana. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili ili aigize Idi Amin, akabeba Oscar 2007. Umeona? Wewe shuleni ulipewa bure.

Na mwaka 2021 Oscar moja ikaenda kwa mwigizaji Daniel Kaluuya, kijana wa London ambaye wazazi wake ni Waganda. Akasimama kushukuru. Akamshukuru Mungu, akamshukuru mama, kisha, mbele ya dunia nzima, akashukuru kwamba mama na baba yake walikutana, akaeleza wazi wazi, bila tafsida, walichofanya hadi yeye akapatikana. Kamera ikahamia London, alikoketi mama yake. Mama kakunja uso, midomo inauliza, “Huyu anasema nini?” Dada mtu, hapo pembeni, kichwa kiko viganjani.