Hadithi Fupi za George MacDonald na Kazi ya Mimbari

Miongoni mwa vitabu vinavyostahili nafasi katika maktaba ya mchungaji, ijapokuwa havikuandikwa kwa ajili ya mahubiri, kimo kitabu cha ngano za George MacDonald. Toleo la Penguin la mwaka 1999, lililohaririwa na U. C. Knoepflmacher, limezikusanya pamoja hadithi fupi ambazo hapo awali zilitawanyika katika vitabu mbalimbali vya karne ya 19. Imo pia insha ya mwaka 1893 ambamo mwandishi anaeleza namna anavyouelewa uwezo wa mwanadamu wa kubuni. Makala hii inakusudia kueleza mwandishi huyu alikuwa nani, hadithi zake zinafanya kazi gani, na Mlutheri azisomeje.

Mchungaji aliyeiacha mimbari

MacDonald alizaliwa mwaka 1824 huko Huntly, Uskoti. Alisoma sayansi katika Chuo cha King's, Aberdeen, kisha theolojia jijini London, na mwaka 1850 aliitwa kuutumikia ushirika wa Kikongregesheni wa Arundel, kusini mwa Uingereza. Haikuchukua muda mrefu wakuu wa ushirika wakaanza kumshuku. Walisema ameambukizwa theolojia ya Kijerumani, tena anatoa tumaini kwa wapagani hata baada ya kufa. Hawakumfukuza, walimpunguzia mshahara, kutoka pauni 150 kwa mwaka hadi 115. Mwaka 1853 alijiuzulu. Tangu hapo hakuwa tena na ushirika wa kudumu, akaishi kwa kalamu na mihadhara hadi alipofariki mwaka 1905.

Basi ngano zake ni kazi ya mtu aliyenyimwa mahali pa kuhubiri, naye hakuacha kuhubiri. Ndiyo sababu zinatuhusu. Katika ile insha ya 1893 anasisitiza kwamba ngano si fumbo lenye jibu moja. Kazi yake ni kuamsha jambo ndani ya msomaji, wala si kumkabidhi fundisho lililokwisha kufungashwa. Wakati huohuo anadai kwamba mwandishi yu huru kubuni sheria za maumbile kwa ajili ya ulimwengu wake, lakini sheria za maadili hana ruhusa ya kuzigeuza. Lililo ovu kwetu ni ovu hata katika nchi ya ngano.

Binti asiye na uzito

Hadithi inayofaa kuanza nayo ni The Light Princess, yaani Binti Mfalme Mwepesi, iliyotokea mwaka 1864. Shangazi ambaye hakualikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa mfalme anakuja hata hivyo, naye analoga kando ya kisima cha ubatizo. Mtoto anapoteza uzito. Mwili wake unaelea hewani, na moyo wake nao hauna uzito: anacheka kila jambo, na kulia hawezi. Hapa Kiswahili chetu kinamhudumia mwandishi vizuri, kwa maana neno “uzito” hubeba maana zote mbili. Mwanafunzi wa Kiebrania atakumbuka pia kwamba neno kabod, utukufu, lina shina moja na neno la uzito.

Baadaye ziwa alipendalo binti huyo linakauka. Shimo lililo chini yake haliwezi kuzibwa ila na mwili wa mtu aliye hai, anayejitoa kwa hiari. Mwana wa mfalme mmoja anajitoa, akiomba tu kwamba binti akae karibu naye na kumlisha. Maji yanapanda, binti anampa biskuti na divai. Maji yanapomfunika, moyo wa binti unazinduka, naye anajitupa majini kumwokoa. Analia kwa mara ya kwanza, mvua inainyeshea nchi, na uzito wake unamrudia. Ubatizo, divai, kifo cha hiari: msomaji Mkristo hahitaji kuelekezwa.

Uangalifu wa Mlutheri

Hata hivyo tusisome kwa macho yaliyofumbwa. MacDonald alitumaini kwamba mwishowe adhabu ya Mungu itawatakasa wote. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 17, linalikataa fundisho la kwamba adhabu ya waliohukumiwa itakoma. Tena alipinga vikali wazo la kwamba Baba alidai mateso ya Mwana ili hasira yake itulie. Katika hadithi hii hakuna mfalme anayedai damu. Lipo shimo, na ipo nchi inayokufa kwa kiu. Hapo msomaji wa Luther atauliza: je, dhambi ni upungufu tu unaohitaji kuzibwa, au ni hatia inayohitaji kusamehewa? Ngano hailijibu swali hilo, na mhubiri asilisahau.

Lakini kosa katika fundisho halifuti kila faida. Luther mwenyewe, akiwa Coburg mwaka 1530 wakati Ungamo likisomwa Augsburg, alitenga muda wa kutafsiri hadithi za Aesop. MacDonald naye alizitafsiri tenzi za Luther kwa Kiingereza, akazichapisha mwaka 1876. Naye C. S. Lewis alishuhudia kwamba kitabu cha MacDonald, Phantastes, alichokisoma mwaka 1916 akiwa bado haamini, kilibatiza uwezo wake wa kuwaza miaka mingi kabla ya akili yake kukubali.

Ushuhuda huo una uzito kwa kazi yetu. Nathani hakumwendea Daudi na hoja; alimwendea na habari za mwana-kondoo mmoja, na mfalme alijihukumu kabla hajajua kwamba anahukumiwa. Wako wasikilizaji wanaokuja kanisani wakiwa wepesi kama yule binti: wamesikia yote, na hakuna linalowagusa. Kuwakemea wasiolia hakuwafundishi kulia. Kinachoweza kuwazindua ni kumwona yeye akaaye ndani ya maji kwa ajili yao, nayo maji yanapanda. Mhubiri anayejua kulisimulia hilo, kisha akalitaja Jina ambalo ngano haikulitaja, ameifanya kazi yake.