Ligi ya Sataranji Huanzia Kwenye Daftari



Vijana wetu wa Maskati, Dubai na Abu Dhabi huniuliza mara kwa mara: tuna watu kumi wanaopenda sataranji, tufanyeje tuwe na klabu? Na klabu zikizidi, tufanyeje tuwe na ligi? Mimi nimekuwa karani maisha yangu yote, kazini na kwenye sataranji ya mitaani, na jawabu langu ni lile lile. Tafuteni daftari kwanza, bingwa baadaye. Nitaeleza kwa nini, na nitaeleza pia kosa nililolifanya mwenyewe, ili nyinyi msilirudie.

Mchezo na majina yake

Sataranji si mgeni kwetu. Neno lilitoka Bara Hindi, chaturanga, likapita kwa Waajemi, likawa shatranj kwa Waarabu, na sisi tukalipokea kwa ulimi wetu. Baghdad ya Bani Abbas ilikuwa na mabingwa waliotunga vitabu juu ya mchezo huu, kama al-Adli katika karne ya 9 na as-Suli katika karne ya 10. Ghuba ya leo nayo haiko nyuma. Dubai iliandaa Olimpiadi ya sataranji mwaka 1986, na mwaka 2021 Magnus Carlsen alitetea taji lake la dunia mji huo huo.

Lakini jambo la kwanza litakalowakwamisha ni majina ya kete. Mimi nilijifunza skuli ya mapadri, Tabora, na kete inayokwenda mshazari tuliiita askofu. Mjukuu wangu aliyesoma Maskati anaiita fil, yaani tembo, kama waitavyo Waarabu. Malkia wangu kwake ni waziri. Siku ya kwanza kila mmoja wetu alidhani mwenzake amekosea. Basi andikeni ukurasa mmoja, mbandike ukutani: mfalme, malkia au waziri, ngome, askofu au tembo, farasi, askari. Ukurasa huo ndio wa kwanza wa daftari lenu.

Klabu: siku, mahali na mwenye funguo

Klabu haihitaji jumba. Inahitaji siku isiyobadilika, mahali pasipobadilika, na mtu mmoja anayefungua mlango hata kama watakuja wawili tu. Klabu nilizoziona zikifa hazikufa kwa kukosa wachezaji. Zilikufa kwa maneno "wiki hii tusikutane, tutaarifiana." Mtoto akikuta mlango umefungwa mara mbili, mara ya tatu haji.

Kwa kuanzia, mbao sita za plastiki za kukunja, pamoja na kete zake, zinatosha watu kumi na wawili. Chagueni kete kubwa. Mfalme wa kimo cha sentimita 9.5 hivi ndicho kipimo cha mashindano, na wazee wenye macho dhaifu watawashukuru. Kama saa za sataranji ni ghali, anzeni na programu ya saa kwenye simu, madhali simu hiyo imewekwa kwenye hali ya ndege. Simu nyingine zote ziingie kapuni mlangoni, maana siku hizi simu ya mfukoni inamshinda bingwa wa dunia.

Msisahau chakula. Robert Katende alipoanza kufundisha sataranji watoto wa Katwe, Kampala, wengi wao walifuata kikombe cha uji. Mmoja wao, Phiona Mutesi, aliichezea Uganda kwenye Olimpiadi ya mwaka 2010 huko Urusi, na filamu juu ya maisha yake ikatoka mwaka 2016. Kwetu sisi ni chai ya maziwa na vitumbua. Wekeni pia viti vya kina mama. Mama akiwa na pa kukaa, binti yake atakuja kucheza. Akikosa, wote wawili watabaki nyumbani.

Wapo wanaouliza hukumu ya dini. Wanazuoni wamekhitilafiana tangu zamani, na mwenye shaka amuulize shekhe wake. Sisi tuliweka masharti mawili yasiyo na mjadala: hakuna kuwekeana fedha, na sala haicheleweshwi. Adhana ikisikika saa zinasimamishwa, na hakuna anayegusa kete mpaka watu warudi.

Tena kila nchi ya Ghuba ina sheria zake za vyama na za kuchangisha fedha. Kukutana sebuleni kwa jamaa ni jambo moja. Kujipa jina, kutangaza na kukusanya michango ni jambo jingine, na iulizwe kwanza ofisi inayohusika.

Ligi inavyopangwa

Zikipatikana klabu tano au sita, ligi inawezekana. Kila klabu ilete wachezaji wanne, na mwenye nguvu zaidi akae meza ya kwanza. Orodha ipelekwe kwa katibu kabla ya msimu na isiguswe tena, kwani wapo manahodha wanaopenda kumtoa mhanga mchezaji dhaifu kwenye meza ya kwanza ili washinde tatu zilizobaki. Timu moja ishike nyeupe meza ya 1 na ya 3, nyingine ishike nyeupe meza ya 2 na ya 4. Kushinda meza ni pointi 1, sare ni nusu. Timu iliyovuka pointi 2 imeshinda mechi na inapata alama 2 za ligi. Zikitoka 2 kwa 2, kila moja inapata alama 1.

Ratiba ya klabu sita ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Andika namba 1, 2, 3 mstari wa juu, na 6, 5, 4 mstari wa chini, kila namba chini ya mwenzake. Raundi ya kwanza ni 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Kisha namba 1 ibaki pale pale, na nyingine zote zizunguke nafasi moja kwa upande mmoja. Juu itakuwa 1, 6, 2, na chini 5, 4, 3. Raundi ya pili basi ni 1 na 5, 6 na 4, 2 na 3. Zungusha hivyo hivyo mpaka raundi ya tano, na mechi zote 15 zitakuwa zimechezwa bila yeyote kukutana mara mbili. Zikiwa klabu tano, anayekutana na namba 6 anapumzika.

Siku gani? Hapa wengi hukosea. Oman tangu mwaka 2013 inapumzika Ijumaa na Jumamosi. Imarati tangu mwaka 2022 serikali inapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Siku inayowafaa wote ni Jumamosi. Mkiupa kila mchezaji dakika 45, mchezo mrefu kabisa utakwisha kwa saa moja na nusu, kwa hivyo unaingia baina ya Alasiri na Magharibi. Tazameni na masafa pia. Timu ya Sohar inasafiri zaidi ya kilomita 200 kufika Maskati, na si haki kuwaita watu hao kwa mchezo mmoja. Wachezeshwe raundi mbili siku hiyo hiyo, waanze asubuhi. Msimu uanze Oktoba joto likipungua, usimame Ramadhani, na usiguse Julai na Agosti, kwani nusu ya wachezaji wako Unguja au Salala.

Mkitaka mashindano ya mtu mmoja mmoja, yenye watu thelathini, msitumie mtindo wa mshindwa kuondoka. Mtoto aliyesafiri na baba yake atashindwa mchezo wa kwanza, na siku imekwisha. Tumieni mtindo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zurich mwaka 1895. Kila raundi mtu anapangiwa mwenye pointi sawa au karibu na zake ambaye hajacheza naye. Raundi tano zinatosha kumpata mshindi, na hakuna anayerudishwa nyumbani.

Daftari na kosa langu

Sasa nije kwenye ile sababu yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa ligi ndogo ya mitaa ya Maskati. Kabla ya raundi ya mwisho, nahodha mmoja alinipigia simu usiku. Watu wake wawili wana harusi, mechi isogezwe mbele. Nikakubali. Nahodha wa pili nilimwambia kwa mdomo tulipokutana matangani. Mmoja alielewa wiki moja, mwingine akaelewa wiki mbili. Mimi, karani wa miaka yote hiyo, sikuandika popote.

Siku ilipofika timu moja ilikaa mezani, nyingine haikutokea. Waliokaa walidai ushindi, na ushindi huo ulikuwa unawapa ubingwa. Manahodha wale walikuwa mashemeji. Dada wa mmoja ndiye mke wa mwingine, na ndiye aliyeumia kuliko wote, maana Idi ilifika hajui amwalike nani. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mwongo hakuwepo, iliyokosekana ni karatasi.

Nilikwenda nyumba zote mbili kukiri kosa langu. Walinisamehe mimi kabla hawajasameheana wao. Mwishowe walipatana, alhamdulillahi, lakini ligi ilisimama misimu miwili. Watoto waliokuwa na miaka kumi na mbili walikuwa wameshapata mambo mengine ya kufanya, na hao hawakurudi.

Tangu hapo kanuni zetu ziko kwenye ukurasa wa pili wa daftari, na nawapa kama zilivyo. Mabadiliko ya tarehe si halali mpaka yaandikwe na manahodha wote wawili wajibu kwa maandishi, hata kama ni kwenye simu. Kimya si kukubali. Karatasi ya matokeo inatiwa saini na manahodha wote kabla mtu hajatoka chumbani. Kila mchezaji anaandika hatua zake, kwa herufi a mpaka h na namba 1 mpaka 8, kwa sababu ugomvi wa "kete ilikuwa hapa" unakwishia hapo. Ukishika kete yako kwa makusudi, lazima uicheze ikiwa ina njia. Ukitaka kuinyoosha tu, sema "narekebisha" kabla ya kuigusa. Mfalme asiyeshambuliwa, na mwenyewe hana hatua yoyote iliyobaki, hiyo ni sare. Mwamuzi atoke klabu ya tatu. Malalamiko yaandikwe ndani ya siku tatu, na yakipita hapo hayasikilizwi.

Mtu ataona haya ni mambo ya ofisini, na mchezo ni wa starehe. Nakubali ni wa starehe. Lakini Jumamosi iliyopita nilimwona mtoto ambaye nyumbani akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiarabu, akimwambia mzee wa miaka themanini, "Zamu yako babu, mbona unaogopa?" Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ningependa wakutane tena Jumamosi ijayo, na ile ya baadaye, na hilo linategemea mtu kuandika tarehe.

Wabillahi tawfiq.