Maganda ya Machungwa na Nishati Iliyofichamana Ndani Yake

Muheza, wilaya ya Mkoa wa Tanga iliyotangaa kwa machungwa, hupata katika msimu neema ya matunda ambayo aghalabu huwazidi walaji. Chungwa likipelekwa kukamuliwa, nusu ya uzito wake hivi ndiyo iwayo sharubati, na nusu ya pili, yaani maganda, makapi na kokwa, hubaki kuwa mzigo wa kiwanda. Nao mzigo huo ukitupwa jalalani huoza, huita nzi, na katika kina cha lundo pasipofika hewa hutoa metheni, gesi ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hulipasha joto anga mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito ule ule. Gesi hiyo hiyo, ikikusanywa badala ya kuachwa ihasiri, huwa moto wa jikoni na wa kiwanda.

Habari yake si ngeni, kwani mwaka 1776 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alikoroga tope la kingo za Ziwa Maggiore, akayakusanya mapovu yaliyopanda, akathibitisha kuwa yanashika moto. Mtambo wa bayogesi, yaani wa kuivuna gesi hiyo ya uozo kwa makusudi, ni hodhi lililozibwa lisipenywe na hewa, na ndani yake makundi ya vijidudu hupokezana kazi: wa kwanza huvunja nyuzi na wanga kuwa sukari, wengine huigeuza sukari kuwa asidi, wengine huzigeuza asidi hizo kuwa siki na hidrojeni, na wa mwisho hutokeza metheni. Hawa wa mwisho, ambao Carl Woese na mwenzake George Fox walidhihirisha mwaka 1977 kuwa si bakteria bali ni jamii nyingine kabisa ya viumbe, huzaana polepole wala hawastahimili uchachu.

Hapo ndipo matunda yanapoponza. Sukari yake ni nyingi na nyepesi, hata waunda asidi huivamia kwa pupa, uchachu ukapanda, na watoa metheni wakadhoofika kabla ya kuifikia riziki yao. Na fundi aliyedhani kwamba wingi wa maganda ni wingi wa gesi hujikuta, baada ya siku chache, na hodhi lililojaa lisilotoa kitu. Chungwa lina dhara zaidi: mafuta ya ganda lake, ambayo sehemu kubwa ni limonini, ni sumu kwa vijidudu hivyo, na kwa hiyo yapasa yatolewe kwanza kwa kukamuliwa au kwa mvuke, kazi ambayo si hasara, maadamu mafuta hayo huuzwa kwa watengenezaji wa manukato na sabuni. Kisha maganda yakatwekatwe na kuchanganywa na samadi ya ng'ombe, yenye naitrojeni ambayo matunda yamepungukiwa nayo, na yenye vijidudu vyenyewe, maana tumbo la ng'ombe ni makazi yao ya asili. Joto likidumu nyuzi 35 hadi 37, na malisho yakitiwa kidogo kidogo kila siku, asilimia 50 hadi 70 ya gesi itokayo huwa metheni.

Ushahidi kwamba mabaki ya mimea yaweza kuwa nishati umo mkoani Tanga humo humo: huko Hale, wilayani Korogwe, mabaki ya mkonge, ambao nyuzi zake zifaazo ni asilimia 4 hivi tu ya jani, yametumika kuzalisha umeme kwa bayogesi.

Kwa upande wa afya, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, hasa kwa sababu ya kuni, mkaa na mafuta ya taa. Mwali wa bayogesi hauna masizi, na hilo pekee latosha kuutetea. Walakini gesi ghafi huchukua haidrojeni salfaidi, yenye harufu ya yai viza, ambayo ikizidi huiua hisi ya pua, mtu asinuse tena kinachomdhuru. Basi gesi na ipitishwe katika chembe za chuma chenye kutu kabla ya kufika jikoni, na mtu asiingie hodhini, hata likionekana tupu, mpaka lipitishwe hewa safi na kupimwa, na mwenzake awe amesimama nje na kamba mkononi.